Jina la Kumi

Prof wetu wa Kifaransa aliandika ubaoni kwa muhogo mkavu. Chaki ilikuwa imekuwa kitu cha kusikia tu, kama mshahara, na yeye hakuwa mtu wa kungoja. Mke wake alimchagulia vipande vilivyonyooka, akavianika juu ya bati, na kila asubuhi Prof alivileta shuleni ndani ya kopo la maziwa ya unga. Muhogo huandika vizuri kuliko watu wanavyodhani, ila mstari wake ni mwembamba, na sisi wa nyuma tulisoma nusu kwa macho na nusu kwa kukisia. Kwenye saa tano, njaa ilipobana, kopo lilianza kupungua. Aligundua upesi. Hakukasirika. Alitazama ndani ya kopo, akatutazama sisi, akasema kwa Kifaransa chake cha taratibu kwamba darasa limekula somo la kesho. Kuanzia siku ile alileta makopo mawili, moja la kuandikia na moja la kutafuna, na ole wake aliyekosea kopo.

Sikumaliza shule ile. Nasema mapema ili asiwepo atakayetafuta humu sifa za mwalimu kutoka kwa mwanafunzi bora. Wanafunzi bora wana diploma zao na kumbukumbu zao. Mimi nilikuwa yule wa dirishani, na ndivyo alivyoniita: mutu wa dirisha.

Wala sitasema alizaliwa wapi, au baba yake alikuwa mtu wa kabila gani. Sijui, na katika Likasi, mji wetu wa migodi, miaka ile, mtu kutojulikana kwao lilikuwa jambo la kumwombea. Alikuwa mfupi. Alikuwa na koti moja la kijivu, na miwani ambayo kioo chake cha kushoto kilikuwa na ufa, hivyo akisoma aliinamisha kichwa upande mmoja kama kuku anayesikiliza. Kutembea naye kulichosha, kwa sababu alisimama kila alipopata wazo. Kutoka shuleni mpaka nyumbani kwake Kikula ni mwendo wa nusu saa kwa mtu mwenye haraka, na wa nusu saa na kidogo kwa mtu asiye nayo. Pamoja na Prof, jua lingeweza kuanza kushuka mkiwa bado mmesimama mbele ya duka lililofungwa, yeye ameinua kidole, nyinyi mnahamisha mguu. Waliomjua walivuka barabara walipomwona kwa mbali. Mimi sikuvuka. Nilikuwa na udadisi zaidi kuliko njaa, na ugonjwa huo sijapona mpaka leo.

Shule ilikuwa na riwaya chache, kila moja nakala moja, nazo zilikaa kabatini kwake chini ya kufuli. Ufunguo aliufunga kwa uzi kwenye mkanda wa suruali. Hakutupa vitabu tusome. Alitusomea mwenyewe, kwa sauti, akitembea kati ya madawati, na alipofika mahali ambapo mtu wa hadithi hana budi kuamua jambo, aende au abaki, aseme au anyamaze, alikifunga kitabu kwa mkono mmoja. Ulisikia mlio wake. Halafu angemgeukia yeyote aliyekuwa karibu.

"Sasa, weye?"

Hakuuliza mwandishi ameandika nini. Hakuuliza lililo jema ni lipi. Alitaka kila mmoja aandike angefanya nini yeye mwenyewe, katika nyumba ile, na mama yule, na mvua ile. Karatasi tulizompa alizirudisha kesho yake zimejaa wino. Aliyekisia sawa na kitabu hakupata chochote zaidi. Aliyepata alama ni yule aliyechukua uamuzi wake na kuufuata mpaka mwisho, hata kama mwisho ulikuwa mbaya.

"Mwandishi alichagua yake," alituambia. "Weye chagua yako, na uibebe mpaka kwenu."

Wenzangu walichukia mchezo ule. Walitaka kujua mwisho waende zao. Mimi nilipenda kitabu kikiwa kimefungwa kuliko kikiwa wazi. Dakika zile chache, kabla hajafungua tena, kila njia ilikuwa bado njia. Nadhani hapo ndipo nilipoharibika, au nilipotengenezwa. Nimeshindwa kuamua.

Watu wa mtaani hawakuelewa mtu anasomea fasihi ili iweje. Kitengo chetu kiliitwa littéraire, na mjomba wangu aliuliza kila aliponiona na daftari, "Hiyo littéraire inapikwa na mafuta gani?" Wazazi waliojiweza waliwapeleka watoto kwenye biashara, wajifunze vitabu vya hesabu, wapate ofisi. Ofisi zilikuwa zinafungwa moja baada ya nyingine, lakini mazoea yalibaki. Baba yangu alifanya kazi ya mtambo kule Shituru, na kampuni ilikuwa bado inampa unga, si mara zote. Siku ya wazazi alivaa shati lake la misa akaenda kumwona Prof.

"Prof, mutoto akimaliza hii section, atakuwa nani?"

Prof aliinamisha kichwa upande wa kioo kizima. Alifikiri kwa muda mrefu mpaka wazazi wengine wakaanza kutazama.

"Papa, sijui," akasema.

Njiani baba alitembea mbele yangu mpaka tulipopita reli. Halafu akasema, "Ni muntu wa kwanza ku hii shule kusema kweli." Akaniacha nibaki kwenye fasihi.

Mtu huyo aliyetufundisha kuchagua, mwenyewe hakuchagua kitu. Mke wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Prof, ndiye aliyemchagulia shati, saa ya kuoga, na upande wa kulala. Akiwekewa vipande viwili vya mkate alibaki anavitazama. Na hakujua kukataa. Nilikuwa kwao siku moja, nimeagizwa daftari, jirani alipoingia.

"Jambo yenu, ba Prof. Nakuya kuomba kinga kidogo, niende ku Panda."

Kinga kwetu ni baiskeli, na Panda ni mtaa mwingine.

"Eyo, papa, kamata."

"Kinga gani?" sauti ya Mama Prof ikatoka jikoni. "Kinga ulimupatia fundi wa viatu tangu lundi!"

Prof akafikiri. "Basi, papa, enda ukamate kule kwa fundi."

"Na bukari yako nitapikia nini? Ulisema utaniletea makala ya moto na ile kinga!"

"Eyo, mama."

"Eyo, papa! Eyo, mama! Siku moja batakuya kukuomba minye, bibi yako, utasema eyo, kamata!"

Jirani alicheka mpaka akashika ukuta. Prof alicheka pia, machozi yakimtoka chini ya miwani. Mama Prof alirudi kwenye moto wake. Yeye hakucheka sana.

Hapa lazima nieleze hiyo eyo, kwa sababu mambo yote yaliyofuata yamo ndani yake. Kwetu mtu mkubwa hakataliwi usoni. Mzee akikuomba jambo usiloliweza, au usilolitaka, unasema eyo, ndiyo, kwa heshima, kisha huonekani. Hakuna anayeita jambo hilo uongo. Mzee mwenyewe anajua kupima: kuna eyo ya haraka, kuna eyo ya kutazama chini, kuna eyo inayofuatwa na habari za mvua. Akisikia hizo, anatafuta mtu mwingine, na urafiki unabaki. Watu wote wa Likasi walijua kupima, hata watoto. Prof hakujua. Alisoma kila kitu, hata karatasi zilizofungia karanga, lakini kitu hicho kimoja hakukisoma kamwe, kwa sababu eyo yake yeye ilikuwa ya kweli. Akisema eyo, alifanya. Kwa hiyo alidhani na sisi tunafanya.

Niliona jambo hilo mwaka ule ambao majirani zetu wengi, ambao babu zao walitoka jimbo jingine, waliambiwa warudi kwao, ingawa kwao palikuwa hapa hapa. Darasa letu lilipungua zaidi ya nusu katika wiki chache. Familia zilihamia kwenye kituo cha treni na vitanda na sufuria zao, zikalala hapo zikingoja treni isiyokuwa na saa. Prof alikwenda kule na daftari la kuitia majina. Nilimfuata siku moja kwa udadisi tu. Alipita kati ya magodoro akiita jina baada ya jina, na kutoka chini ya maturubai sauti zilijibu kama darasani, "Présent." Msichana mmoja alijibu huku amemshika mdogo wake kwenye beseni, sabuni ikimtiririka mikononi. Alipomaliza kuita, Prof akakaa juu ya sanduku la mtu, akasoma kuanzia ukurasa tuliokuwa tumeufikia. Watu wazima walisogea kusikiliza. Akafika mahali pake, akakifunga kitabu.

"Sasa, weye?"

Mzee mmoja aliyekuwa amelala karibu aliinuka kwa kiwiko.

"Ba Prof," akasema kwa upole, "apa hakuna kuchagua."

Prof akakitazama kitabu kana kwamba ni cha mtu mwingine. Halafu akakifungua, akasoma mpaka mwisho wa sura, bila kusimama, bila kumwuliza mtu. Ni siku hiyo tu nilipomsikia akifanya hivyo.

Treni ziliwachukua. Kwa majuma kadhaa aliendelea kuyaita majina yao darasani, na baada ya kila jina alingoja kabla ya kuita jingine. Mkuu wa shule, prefe, alimwita akamwambia ayafute. Prof akasema eyo. Akayafuta palepale mbele yetu, moja moja, kwa rula, mistari imenyooka kabisa.

Alikuwa na ukali wake pia, ila ulitokea mahali usipoutegemea. Vijana walimletea barua za mapenzi awasahihishie Kifaransa. Kwa wengi alisahihisha bila neno. Lakini mmoja, fundi wa umeme, alirudishiwa barua yake ikiwa safi, bila alama ya wino. "Hakuna kosa," Prof alimwambia. "Mais lakini ule binti humupendi. Soma tena, utaona." Kijana alisoma tena, akaona, akavunja uchumba uliokuwa umekwisha kulipiwa mbuzi. Shangazi wawili wa binti walikuja kupiga kelele mbele ya nyumba mpaka Mama Prof alipowatolea munkoyo wakanywa. Na wahubiri hakuwapenda. Makanisa ya uamsho yalikuwa yanaota kila mahali, kwenye maghala, kwenye sinema iliyokufa, na Prof, Mkatoliki wa kwenda misa ya kwanza na kukaa karibu na mlango, aliwaita watu wa kitabu kimoja wasiojua kukifunga.

Niliacha shule katikati ya mwaka wa tano. Wote walidhani ni njaa, na sikuwakatalia, kwa sababu njaa ilikuwa jibu la heshima. Baba hakuwa akipata unga tena. Kila mtu alifanya kitu, nami nikachukua baiskeli ya mjomba nikaanza kupakia makala, makaa ya kupikia, kwenye njia ya Kambove. Lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka kutazama malori kutoka dirishani. Yalipita yakielekea Kolwezi, yakielekea Kasumbalesa, watu wamekaa juu ya magunia, na mimi nilitaka kujua wanashukia wapi. Sikuwa na sababu nyingine.

Prof alinikuta kwenye njia hiyo mwaka uliofuata. Nilikuwa nikisukuma baiskeli kupanda kilima, magunia matatu nyuma, jasho na vumbi jeusi usoni. Alikuwa ametoka mjini kwa miguu kunitafuta, na koti lake lilikuwa limeloa mgongoni.

"Mutu wa dirisha."

"Jambo yenu, Prof."

Alishika gunia upande mmoja, akasukuma nami. Hakusimama hata mara moja, nikajua ana jambo zito. Tulipofika juu, nikaegemeza baiskeli kwenye mti.

"Nikuulize kintu," akasema. "Weye ulichagua hii, ao njaa njo ilikuchagulia?"

Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniuliza hivyo, kama ni njaa ndiyo iliyonichagulia, wala baba, wala padri.

"Nilichagua, Prof."

"Kweli?"

"Kweli. Nataka kuona fasi ingine, miji ingine."

Aliachia pumzi. Alionekana kufurahi, nami nikafurahi kwa kuwa nimejibu vizuri. Kisha akatoa karatasi iliyokunjwa mfukoni. Kulikuwa na majina tisa, yameandikwa kwa mkono wake mzuri. Alinieleza. Mkaguzi angekuja lundi, Jumatatu, kuhesabu vichwa. Prefe alikuwa amesema wazi: darasa la sita la fasihi likiwa na watoto kumi, litakwenda kwenye mtihani wa taifa. Likipungua kumi, kitengo kinafungwa, na hakitafunguliwa tena, kwani nani atapeleka watoto mahali palipofungwa? Waliobaki walikuwa tisa. Ile miezi niliyokosa, prefe angeifumbia macho.

"Ulichagua, ni muzuri," akasema. "Njo maana naomba uchague tena. Mwaka moja tu. Weye njo wa kumi."

Nilitazama karatasi. Nilitazama viatu vyake, ambavyo njia ya Kambove ilikuwa imeviharibu. Ndani yangu jibu lilikuwa tayari, halikuwa na shaka yoyote: sitarudi. Nilikuwa nimemaliza kukaa. Kama angekifunga kitabu akaniuliza, "Sasa, weye?", ningeandika hivyo na kupata alama zote.

"Eyo, Prof," nikasema.

Nilitazama chini. Nikaongeza kwamba mvua mwaka huu imechelewa. Mtoto wa miaka minane angeelewa.

Prof alitoa kalamu, akaweka karatasi juu ya gunia la makala, akaandika jina langu. Kalamu ikatoboa karatasi penye tundu la gunia. Alicheka, akapuliza vumbi, akakunja. Akaniambia Mama Prof angetafuta sare, nisijisumbue. Kisha akateremka kilima mbio mbio, mtu wa umri wake, mikono ikipepea.

Siku mbili kabla ya Jumatatu, lori lililokuwa likienda Kasenga kuchukua samaki lilisimama mbele ya depo ya makala kupoza injini. Nilimwuliza utingo kama Luapula, ule mto wa mpakani, ni pana kweli. Akaniambia, "Panda uone." Nikapanda. Nilijiambia nitarudi kabla ya mkaguzi, na wakati najiambia nilijua sitarudi. Luapula ni pana. Nilikaa kule miezi minne.

Habari ya Jumatatu ile alinisimulia Kabwe, mmoja wa wale tisa. Mkaguzi alikaa kwenye meza ya Prof, akavua kofia. Prof akaita majina. Tisa wakajibu. Akaita langu. Akaita tena, kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba niko uani. Mkaguzi akauliza huyo yuko wapi.

"Anakuya," Prof akasema. "Alinipa neno."

Wakangoja. Prof alikwenda mlangoni, akarudi, akaenda tena. Mkaguzi hakuwa mtu mbaya, alingoja mpaka saa sita, na aliombwa angoje kidogo tena akangoja. Halafu akavaa kofia. Wenzangu tisa walitawanywa, wengine kwenye biashara, wengine nyumbani. Prof alipewa saa chache za kufundisha uraia, na mwaka uliofuata hata hizo hazikuwapo.

Nimejaribu mara nyingi kufikiri nilijifunza nini katika fasihi, mimi niliyekula nusu yake na kuacha nusu mezani. Sijui kueleza kitabu kimejengwaje. Lakini nimefika mahali pengi, nimelala kwenye vituo vya mpakani, nimechimba, nimeuza, nimepanda juu ya magunia ya watu, na kila mara njia inapogawanyika nasikia ule mlio wa kitabu kufungwa kwa mkono mmoja. Najua kuchagua. Nilichokosa ni kile kidogo kilichobaki, kumtazama mtu usoni na kumwambia nimechagua nini. Kwa hilo Prof hakuwa na somo, kwa kuwa yeye mwenyewe hakujua.

Nilimkwepa miaka mingi. Nilipopita Likasi nilipita upande wa Panda. Serikali ilibadilika, nchi ikabadilishwa jina, fedha ikabadilishwa sura, na mimi bado nilikuwa nazunguka Kikula kama mwizi. Halafu Jumapili moja, nikiwa natoka Kambove kuelekea Kamatanda, ambako vijana walikuwa wameanza kuchimba mawe ya kobalti, mvua ilinikamata karibu na soko, nikajibanza kwenye mlango wa ghala. Ndani kulikuwa na kanisa. Mhubiri, kijana mwenye suti ya kung'aa, alihubiri kwa Kifaransa, na pembeni yake, kama ilivyo desturi ya makanisa hayo, alisimama mfasiri akimfuata kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, mkono kwa mkono. Nusu ya watu walielewa Kifaransa. Lakini hubiri lisilofasiriwa kwetu huonekana halijavaa.

Sauti ya mfasiri niliijua kabla ya kumwona. Koti lilikuwa lingine, kubwa mno kwake.

Mhubiri alipaza sauti kwa Kifaransa kwamba Mungu atakufungulia mlango.

"Mungu atafungua mulango," Prof akasema, "lakini kuingia ni miguu yako."

"Amen!"

Mhubiri akasema adui zako wote wataanguka.

"Adui zako bataanguka. Na weye, angalia kama hauko adui ya mutu."

Kicheko kilipita, na Amen kubwa kuliko ya kwanza. Mhubiri alimtazama kwa pembe ya jicho, asijue aongeze au apunguze. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alininong'oneza, "Ule kijana hatujui anasema nini. Sisi tunakuya juu ya kusikia ule mufupi."

Ibada ya kwanza ilipokwisha alitoka kupunga hewa chini ya bati. Alikuwa amekonda, na miwani hakuwa nayo kabisa. Nilidhani hatanijua.

"Mutu wa dirisha," akasema.

"Jambo yenu, Prof."

"Luapula iko pana vile banasema?"

Alijua nilikwenda wapi. Nikamwambia ni pana. Nilimweleza upana wake, na samaki, na jinsi wavuvi wanavyogombana kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Alisikiliza amefumba macho, akiuliza rangi ya maji, akiuliza walikuwa wanagombania nini. Nilipoishiwa maneno, mvua ikasikika.

"Prof, ile lundi..."

Aliinua kidole, kama zamani barabarani.

"Kulikuwa mutoto mwanamuke mumoja ku biashara," akasema. "Saa ya kusoma alikuwa anasimama inje ya dirisha yetu, anasikiliza. Alitaka kuingia kwetu. Baba yake alikataa. Nilikuwa nataka kuenda kuongea na ule papa. Ni muntu mukali, niliogopa kidogo, lakini ningeenda. Halafu nikakupata weye ku njia ya Kambove. Nikasema, bon, kumi inatimia. Sikuenda tena."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayeeleza ukurasa.

"Na ule binti?"

"Bazazi balihama. Sijui." Akafuta mvua usoni. "Ungesema hapana, minye ningeenda kwa ule papa. Ni ile tu."

Nilitazama maji yakichimba mstari kwenye udongo chini ya bati.

Kisha akanisogelea. Sauti yake ikabadilika, ikawa na haraka. Bado kulikuwa na njia, alisema. Mtu aliyeacha shule anaweza kukaa mtihani wa taifa peke yake, bila darasa, wanamwita otodidakte. Yeye bado alikuwa na riwaya mbili, aliziokoa kabla kabati halijavunjwa. Kila Jumamosi, nyumbani kwake, bila malipo. Mama Prof angepika.

"Sitafuti tena kumi," akasema. "Sasa ata mumoja anatosha."

Alinishika mkono juu ya kiwiko. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Ndani, mtu aliita, "Mutafsiri! Ba mutafsiri! Culte ya pili inaanza!"

Kesho yake nilikuwa na safari ya Kamatanda, na baada ya Kamatanda nilijua kutakuwa na pengine. Eyo ilikuwa mdomoni tayari, laini, na ningeweza kuongeza habari za mvua, maana ilikuwa inanyesha. Nikamwona akilini yule binti nje ya dirisha, ambaye sikuwahi kumwona.

"Hapana, Prof," nikasema. Nilimtazama usoni. "Sitakuya."

Hakuna mkubwa niliyewahi kumwambia hivyo. Prof aliitikia kwa kichwa, polepole, mara kadhaa, kama alivyofanya darasani mtu alipojibu kwa jibu lake mwenyewe.

"Muzuri," akasema. "Aksanti ya kusema."

Akauachia mkono wangu. Akageuka kuingia, akasimama mlangoni, mgongo wake kwangu.

"Mais leo," akasema, "leo ungenidanganya kidogo."

Akaingia. Nilibaki chini ya bati. Mhubiri alikuwa ameanza, sentensi ya kwanza ikatoka, na baada yake pakawa kimya, watu wakingoja. Kimya kikawa kirefu mpaka mtu akakohoa. Halafu sauti ya Prof ikaja, ikarudia kwa Kiswahili alichosema mhubiri, neno kwa neno, bila kuongeza kitu.